Bi Salme alivyomfuata mume Ujerumani

Huku Masimba, Kisii, nilikoolewa, haupiti mwezi bila kusikia kuwa msichana fulani amepata viza ya kumfuata mumewe Marekani. Wengi huelekea Minnesota, ambako Wakisii ni wengi kiasi cha kuwa na makanisa yao na harambee zao. Mume alitangulia, akapata kazi katika nyumba za kutunzia wazee, akaja likizo akaoa, akarudi, na sasa makaratasi ya mke yako njiani.

Kwa kuwa mimi ni mtoto wa Mombasa, akina mama wa hapa huniona bingwa wa mambo ya ng'ambo. Wanaamini sisi wa Pwani tumekua tukiwaona Wazungu kila siku, kwa hiyo lazima tunajua. Swali lao ni moja kila mara: mtoto akifika huko, kisha huyo mwenyeji wake akapatwa na jambo, atashika wapi? Mimi sijapata kuishi ng'ambo. Safari yangu ndefu ya kumfuata mume ni ya basi, kutoka Mombasa hadi huku milimani. (Wenzangu wa Pwani wakilisikia jina Masimba huniuliza kama wanyama hao bado wapo. Hawapo. Kuna majani chai, migomba na baridi.) Basi mimi huwajibu kwa kuwasimulia habari za Bi Salme binti Said wa Unguja, aliyelijua jibu la swali hilo kabla yetu sote.

Sisi wa Pwani jina lake tunalijua, lakini nimegundua kuwa wengi tunaijua nusu ya kwanza tu: binti wa mfalme, Mzungu jirani, mapenzi, kutoroka usiku. Hadithi hupendwa ikomee hapo. Miaka iliyofuata ilikuwa karibu 60, na ndiyo ninayotaka tuizungumze zaidi leo.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Babake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mamake aliitwa Jilfidan, suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi huko Kaukasi, akiwa mtoto mdogo aliyenyakuliwa vitani. Kwa hiyo tangu hapo Salme alikuwa mtoto wa mwanamke aliyehamishwa nchi bila kuulizwa. Babake alipofariki mwaka 1856, akiwa baharini akirejea kutoka Oman, aliacha watoto 36. Salme alikuwa na miaka 12 tu. Alipewa fungu lake la mirathi, shamba na fedha, akawa mwanamke mwenye mali yake mwenyewe kabla hajabaleghe.

Kuna jambo dogo la utotoni mwake ambalo naomba msomaji alishike. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Ilionekana si kazi ya mwanamke. Salme alijifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu mmoja mmoja mpaka mkono ukazoea. Walipogundua walimsema, lakini herufi zilikwisha kuingia.

Ujuzi huo ndio uliomponza kwanza. Mwaka 1859 mamake alifariki kwa kipindupindu, na mwaka huo huo ndugu zake wakagombana. Barghash alitaka kumpindua kaka yake Majid, aliyekuwa amekalia kiti cha Unguja. Salme alimpenda Majid, aliyemlea, lakini dada yake Bi Khole alikuwa upande wa Barghash, naye akavutwa huko. Kwa vile aliweza kuandika, akawa karani wa wapinzani akiwa na miaka 15. Barua za kuagiza silaha na kuita masheikh zilipita mkononi mwake. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake Khole na Meje walikwenda kumtoa kwa kumvisha nguo za kike, akapita mbele ya walinzi kama mmoja wa wanawake wa nyumba. Haikusaidia. Waingereza waliingilia kumsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni, na Salme akajitenga mashambani mwake Kizimbani na Bububu.

Baada ya muda alipatana na Majid. Barghash na Khole waliuchukulia upatanisho huo kuwa ni usaliti. Kumbukeni jina la Barghash. Tutarudi kwake.

Aliporudi mjini, nyumba yake ilipakana na ya kijana Mjerumani wa Hamburg, Heinrich Ruete, mfanyabiashara. Mapaa ya Mji Mkongwe mnayajua yalivyokaribiana. Walifahamiana, wakapendana, na mwaka 1866 Salme akawa mjamzito. Binti wa Seyyid Said, mimba bila ndoa, na mwanamume si Mwislamu. Hatari haikuhitaji kuelezwa. Mke wa daktari Seward, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza, alimsaidia kupanga njia. Walichagua mwezi Agosti, Siku ya Mwaka, usiku ambao wanawake wa mji huteremka pwani kuoga kama ilivyo desturi yetu. Katika pilikapilika hizo Salme alipanda mashua, mashua ikampeleka kwenye manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, ikang'oa nanga kwenda Aden.

Hadithi tamu, nakubali. Lakini tazama hesabu yake. Alifika Aden peke yake. Heinrich alibaki Unguja miezi kadhaa kumaliza biashara zake, na Majid, kwa upole wake, hakumgusa. Salme alikaa kwa mume na mke Waspania aliowajua tangu Unguja, akajifungua mtoto wa kiume Desemba 1866, akamngoja baba wa mtoto. Mwanamke wa Masimba aliyekaa miaka miwili na mtoto mgongoni akingoja barua ya ubalozi anaielewa hali hiyo kuliko mimi.

Heinrich alifika mwaka 1867. Tarehe 30 Mei Salme alibatizwa katika kanisa la Kiingereza la Aden, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa, wakapanda meli kwenda Ulaya. Siku moja ilibadilisha dini, jina, na uraia, maana kwa sheria ya wakati ule mke alihesabiwa raia wa nchi ya mumewe. Nina maoni yangu juu ya kubadili dini kwa ajili ya ndoa, na wasomaji wangu wengi mna yenu, lakini hapa nataka tuone tu upande wa sheria. Kwa hatua ile alijifungia mlango wa mirathi ya ndugu zake. Kwa kadhi wa Unguja aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Sidhani kama kulikuwa na mtu pale Aden aliyekaa naye chini akamweleza hivyo.

Njiani, wakiwa Ufaransa, mtoto wao wa kwanza akafa. Hivyo aliingia Hamburg mikono mitupu.

Walikaa Uhlenhorst, karibu na ziwa la Alster, mtaa wa watu wenye nafasi. Tatizo halikuwa njaa. Tatizo lilikuwa kwamba nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kusema naye ila mume, na mume alikwenda kazini asubuhi. Kijerumani hakukijua hata kidogo. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha yeye na Heinrich, naye akabaki siku nzima na watumishi ambao hakuelewa wanasema nini. Aliandika baadaye kuhusu baridi, madirisha yaliyofungwa, nguo za kubana, vyakula alivyovitilia shaka, na watu waliomkodolea macho mitaani kana kwamba ni kitu cha maonyesho. Mimi nilipofika Masimba sikujua Ekegusii, na nilijifunza kwa aibu sokoni, lakini nilikuwa na Kiswahili cha kuniokoa kila penye kona. Yeye hakuwa na akiba hiyo. Alijifunza Kijerumani kwa bidii, hatua kwa hatua, mpaka akaja kuandika kitabu kwa lugha hiyo.

Siku hizi Ujerumani haikubali kirahisi mke aingie bila lugha. Tangu mwaka 2007 mtu wa kwetu anayemfuata mwenzake huko kwa kawaida hutakiwa kwanza kufaulu mtihani wa Kijerumani cha mwanzo. Dada zetu wa Mtwapa na Diani walioolewa na Wajerumani wanayajua madarasa hayo, na wengi huyalaani kwa gharama na usumbufu wake. Nimewasikia. Lakini nikiisoma miaka ya kwanza ya Bi Salme, naona afadhali masumbuko hayo umalizane nayo nyumbani ukiwa na mama na dada, kuliko kuyakuta ndani ya chumba chenye theluji nje.

Watoto watatu walizaliwa haraka haraka: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, Rosalie Aprili 1870. Agosti mwaka huo wa 1870, Heinrich alianguka alipokuwa akishuka kwenye tramu ya farasi, akaumia vibaya, akafa siku chache baadaye. Ndoa ilikuwa na miaka 3 na miezi 2. Salme alikuwa hajafika miaka 26. Mtoto mdogo hakuwa ametimiza miezi minne, na Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza imeingia vitani na Ufaransa.

Hapa ndipo swali la akina mama wa Masimba linapopata jibu. Mwenyeji ameondoka, ni nini kinachobaki? Kwa Salme kilibaki kidogo sana. Sheria za Hamburg za wakati ule ziliweka wanaume kuwa wasimamizi wa mali na wa watoto, na mama mjane hakuachiwa aamue peke yake. Mali iliyoachwa iliyeyuka. Mwanamke aliyekuwa na mashamba yake akiwa na miaka 12 sasa alikuwa akiomba ruhusa ya wanaume wageni juu ya fedha za watoto wake mwenyewe. Hapakuwa na shangazi wa kuja kukaa naye eda, wala jirani wa kuleta sahani ya chakula bila kuitwa.

Msidhani hayo ni mambo ya kale tu. Huko Marekani, hadi mwaka 2009, mwanamke aliyeolewa na raia wa nchi hiyo aliweza kupoteza ombi lake la ukaazi kwa sababu tu mume amefariki kabla ndoa haijatimiza miaka 2. Ombi lilikuwa la mume, na mume akiwa kaburini hapakuwa na ombi. Oktoba mwaka huo sheria ilibadilishwa, na sasa mjane wa raia anaweza kujiombea mwenyewe ndani ya miaka 2 tangu kifo. Ujerumani nako, ndoa ikivunjika, kwa kawaida mke huhitaji kuwa amekaa na mumewe huko miaka 3 ndipo ahesabiwe kuwa na haki ya kubaki kwa nafsi yake. Nikiwaambia wasichana wa hapa mambo haya huniona mkorofi, kana kwamba namuombea bwana harusi mauti. Mimi nawaambia waulize tarehe: ndoa ilifungwa lini, kadi ni ya masharti au la, jina la nani liko kwenye fomu.

Kwa nini hakurudi? Watu huuliza hivyo kana kwamba meli ilikuwa matatu. Majid alifariki mwaka 1870 huo huo, miezi michache baada ya Heinrich. Aliyekalia kiti baada yake ni Barghash. Ndugu ambaye Salme alimwandikia barua za uasi akiwa na miaka 15 sasa ndiye Sultani, na hakumsamehe: si kwa kupatana na Majid, wala kwa kutoroka na kubatizwa.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alisikia, akajifunza Kiingereza kwa haraka, akaacha watoto Ujerumani, akaenda kujaribu kumwona. Serikali ya Uingereza haikutaka mgeni wake akerwe. Sir Bartle Frere alimwendea akamwekea mizani: ama amfuate ndugu yake, ama aache, na badala yake Waingereza wawaangalie watoto wake. Mama mwenye watoto watatu na mfuko mtupu angechagua nini? Aliacha. Barghash akaondoka, na ahadi ile haikutimizwa. Katika maisha yake yote hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hakukosea hesabu; alidanganywa na watu wenye vyeo.

Miaka 10 baadaye ilikuja zamu ya Wajerumani kumtumia. Bismarck alikuwa akigombana na Barghash juu ya ardhi za bara, na akaona faida ya kuwa na binti wa Seyyid Said ambaye kisheria ni raia wa Ujerumani na anadai mirathi. Mwaka 1885 Salme na watoto wake walipelekwa Unguja wakati manowari za Kijerumani zimetia nanga bandarini. Alishuka baada ya miaka 19. Watu wa mjini walimfuata mitaani wakimsalimu kwa jina lake la zamani, ingawa walijua Sultani hapendi. Barghash alikataa kumwona. Akapelekewa kiasi kidogo cha fedha, akakikataa. Na Bismarck alipopata alichokitaka bara, shauri la mirathi ya Bibi Ruete halikuwa na haraka tena. Uraia ule alioupata kwa ndoa ya siku moja Aden ndio uliomrudisha nyumbani, na ndio uliomfanya arudi akiwa chini ya bendera iliyowatisha ndugu zake.

Alijaribu tena mwaka 1888, Barghash alipofariki na Seyyid Khalifa kutawala. Hakufaulu. Safari hii hakutaka kurudi Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, na akaishi sehemu hizo za Waarabu kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1914 aliporudi Ujerumani kwa watoto.

Katikati ya yote hayo alikula nini? Alikula kwa mfupa wa ngamia. Alipoishiwa alifundisha Kiarabu, kusoma na kuandika, na alihamahama kutafuta maisha nafuu, Dresden, Rudolstadt, Berlin. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na mwaka 1888 zikatoka kwa Kiingereza. Hadi leo anayetaka kujua maisha ya ndani ya kasri la Mtoni, chakula, mavazi, harusi, ugonjwa, wivu wa masuria, hana budi kupita kwake. Mashamba yalikwenda, jina lilikwenda, mume alikwenda. Kile alichojifunza kwa siri ndicho pekee ambacho hakuna msimamizi wa Hamburg wala Sultani wa Unguja aliyeweza kukizuia.

Si malaika, na sitaki kumpaka asali. Katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa, akisema kwa namna yake kuwa Wazungu hawauelewi, na akaandika juu ya Waafrika maneno ambayo mjukuu wa mtumwa hawezi kuyasoma akakaa kimya. Hamburg iliupa uwanja mmoja jina lake mwaka 2019, kisha maneno hayo yakaletwa mezani na jina likaondolewa. Naona walifanya sawa. Mtu anaweza kuonewa sana na bado asiwaone aliowaonea yeye.

Binti yake mkubwa, Antonie, naye aliolewa na afisa wa kikoloni, Eugen Brandeis, akamfuata hadi visiwa vya Marshall katika bahari ya Pasifiki, na mwaka 1907 akatoa kitabu cha mapishi ya nchi za joto. Rudolph ndiye aliyeshughulikia zaidi urithi wa upande wa mama. Aliandika maisha ya babu yake Seyyid Said, kitabu kikatoka mwaka 1929, na baadaye akawa raia wa Uingereza.

Salme alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, kwa homa ya mapafu, na akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na Heinrich. Inasimuliwa kuwa katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa naye. Aliacha pia rundo la barua ndefu alizomwandikia rafiki wa nyumbani kumweleza maisha ya Ujerumani. Zilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake. Kwa anayejiandaa kumfuata mtu ng'ambo, barua hizo zina faida kuliko kumbukumbu za kasri. Na ukifika Unguja, Hurumzi, kuna makumbusho madogo ya maisha yake yaliyofunguliwa mwaka 2015, ngazi chache kutoka mitaa aliyopita usiku ule wa Siku ya Mwaka.